Kiti cha Kumtuliza Abiria

Siku hizi viti vya ndege vya daraja la kawaida humtuliza abiria, apende asipende, na utulivu huo humkaa mpaka kesho yake. Wa daraja la kwanza tu ndio huulizwa kama wanataka.

Nyamizi alipanda ndege Dar akilia, anakwenda Mwanza kumzika mama yake. Alipofunga mkanda, kiti kikapata joto, kifua kikawa chepesi. Akanywa juisi. Akatazama mawingu, akayaona mazuri.

Msibani wanawake walinyamaza, wakingoja kilio cha binti mlangoni ili nao waanze upya. Nyamizi akasimama kizingitini, macho makavu.

"Lia, mwanangu," mama yake mdogo alimnong'oneza. "Watu wanakutazama."

"Nataka, mama. Nataka sana."

Wakamfunulia uso wa marehemu. Akautazama, akauona mzuri tu, kama yale mawingu.