Kiota Bombani

Mkono wa fundi ulikuwa ndani ya bomba la jiko linalopasha nyumba joto, na vidole vilikuwa vimegusa kiota cha ndege. Kiliziba njia yote. Hewa ya sumu haikuwa na pa kwenda ila kurudi chumbani.

Nyuma yake alikaa mume mpya wa mtalaka wake, kwenye kiti alichokichonga fundi mwenyewe.

"Vipi kaka, bomba salama?"

Kaka! Amechukua mke, nyumba na kiti, bado kaka!

"Salama salimini," fundi akajibu, akautoa mkono mtupu.

Binti yake wa kumzaa akaingia, kajishika paji la uso. "Baba, kichwa kinaniuma tena."

Wanaume wote wawili wakaitika. Mtoto akamwendea aliyeketi.

Fundi akaurudisha mkono bombani, mpaka begani, akakivuta kiota.