Tarehe Kwenye Marejeo

"Mgeni aliyetoka kwenu asubuhi ile alikuwa nani?" jirani alimuuliza Bi Mwanamkuu kwenye matanga ya mumewe, Shekue. Hakujua kuwa alikuja mgeni.

Mwaka ukapita. Sasa alikuwa kibandani mwake akimchapia Dokta Mbaruku, aliyesubiri kando, marejeo ya makala, akiyapanga kwa alfabeti. Kwenye S vidole vilisita: "Shekue. Mahojiano, nyumbani kwake." Tarehe ilikuwa ileile aliyokutwa amekufa.

"Dokta, si uliniapia msibani kuwa hamkuonana mwezi mzima?"

"Futa huo mstari, mama."

"Astaghfirullahi! Kila chanzo lazima kitajwe. Ni wewe uliyenifundisha."

Alishabonyeza kuchapa; printa ilikuwa ikianza kutoa nakala ya pili. Dokta aliichukua ya kwanza, ingali na joto, akatoka.