Nyanya Nyeusi za Atuganile

Tusajigwe alikata nyanya nyeusi nyingine, akainyunyizia chumvi, akamsogezea mumewe sahani.

"Kula, Baba Atu."

"Nimeshiba. Tumbo langu si debe."

"Leo litakuwa debe."

Walikuwa wameketi kati ya matuta, ndani ya banda la nailoni, nje ukungu wa Isongole umetanda. Siku hizi banda lenyewe, kwa mitambo yake, ndilo huchagua mbegu ya msimu ujao. Hutazama familia inakula nyanya ipi zaidi, likaipa joto hiyo. Nyingine huziachia baridi mpaka zife, na mbegu zake hazioti tena.

Msimu mzima wao walikula za njano, kwa kuwa zinazaa sana na hazideki. Nyeusi, zenye utamu wa mbali kama wa moshi, walimwekea binti yao Atuganile, anayefika Ijumaa. Kizuri huwekewa mgeni. Banda halikulijua hilo. Liliona nyanya zisizoguswa, na asubuhi hiyo likazima joto la tuta la nyeusi. Wakila za kutosha, huenda likalirudisha.

"Tukizimaliza, Atu atakuta nini?" aliuliza mumewe, Ambakisye.

"Atakuta miche hai."

Ambakisye alitafuna polepole. "Kumbe ni tamu hivi, na sisi tulikuwa tunaziangalia tu."

Tusajigwe aligusa udongo kwa kiganja. Ulikuwa bado baridi, na kapu la nyanya nyeusi lilikuwa bado nusu. Akavua sweta lake, akalizungusha kwenye mashina.

"Zilizobaki tutanywea chai asubuhi," alisema.