Ngiri Ashindana na Watafiti wa Chuo

Mniwie radhi nikiisimulia kombo, maana kicheko kimeshanitangulia.

Ngiri, mshauri wa Mfalme Tembo, alimwonea kijicho Nungunungu, mkuu wa kituo cha sera chuoni, ambaye siku hizi ndiye aliyesikilizwa ikulu.

"Kazi yake kuuliza maswali tu," akanung'unika. "Hata mie naweza."

"Basi kawaulize wanyama nani anachafua kisima," Tembo akamwambia. "Bahasha za majibu zifunguliwe barazani, mbele ya wote."

Ngiri akazikusanya, akaja kifua mbele, akafungua ya kwanza. Akafungua ya pili. Akasoma kwa sauti ya chini. "Wanasema Ngiri hugaagaa humo."

"Ripoti yetu ya kisima ilisema hivyohivyo, mzee," Nungunungu akasema. "Ila jina tulilisitiri."

"Sasa nifanyeje, mshauri wangu?" Tembo akauliza.

Ngiri akazikunja bahasha. "Sikiliza chuo, Mtukufu. Huyo mshauri wako ananuka tope."