Nauli ya Wawili

Ameir aliinua vidole viwili, akapitisha noti mbele. Kwenye taksi za Johannesburg, zile za abiria wengi kama daladala, hakuna kondakta. Nauli hutoka nyuma mkono kwa mkono hadi kwa abiria wa kiti cha mbele, naye huwahesabia wote.

"Mnashukia wapi?" akauliza mama aliyepokea.

Ameir akageuza uso dirishani.

"Eish, huyo hatakujibu," jamaa wa nyuma akacheka. "Akifungua mdomo tu, tunajua ametoka wapi."

Watu wakacheka naye. Kila baada ya miaka michache jiji hili husahau mikono iliyolijenga, likaanza kunusa lafudhi za watu. Wenye rungu hawakuombi pasipoti. Wanakuonyesha kiwiko, wanakuambia kitaje kwa Kizulu. Siku walipomzingira mtaani Jeppestown, ulimi wa Ameir ulikwama, na mkewe Hlengiwe ndiye aliyejitia kati akamjibia.

Lakini leo hakunyamaza kwa woga. Mama mkwe, ambaye tangu waoane hakutaka kumwona mlangoni pake, alikuwa amempigia simu.

"Mlete mwanangu nyumbani Soweto. Wewe mwenyewe, maana ni wewe uliyemchukua. Njiani usiseme na mtu ila yeye. Ukijibizana na wengine, utampoteza. Na usipomfikisha, wewe si mkwe wangu, hujapata kuwa."

Kwa hiyo asubuhi alimfuata Jeppestown, nje ya karakana, palepale walipoachana.

"Twende kwa mama," alimwambia.

Hlengiwe hakusema kitu, ila walikuja wote. Sasa Ameir alikuwa amemweka dirishani, anapopapenda, akamfunika koti lake na kumshika kwa nguvu hadi kiganja kikamuuma. Hakuachia.

"Tuko kwenye taksi, mke wangu," alimnong'oneza. "Ikijaa tu, tunaondoka."

Taksi haikuondoka. Dereva, mzee mwenye kofia ya sufu, alifungua mlango kwa kishindo.

"Pesa imetimia, vichwa havijatimia! Nani kalipa mara mbili?"

Vidole viwili vikapanda tena.

"Mshushe huyo bubu!" jamaa wa nyuma akafoka. "Akatembee kwa miguu mpaka kwao!"

Dereva akainama ndani. "Kaka, sema. Uko na nani?"

Machozi yalimtoka Ameir. Akainua koti polepole. Katika kiganja chake chenye damu kulikuwa na tawi la mkunazi, miiba na yote, mti ambao kwao Unguja majani yake huoshewa maiti, na huku Wazulu hutumia tawi lake kuichukua roho pale mtu alipofia na kuirudisha nyumbani. "Tutafika kwa mama, mke wangu," akaliambia tawi.

Hakuna aliyecheka tena. Dereva alivua kofia, akakiinamia kile kiti kitupu cha dirishani.

"Nisamehe, dada, sikukuona," alisema. "Tulia hapo. Tunakupeleka kwa mama."