Utani wa Msellem

Siku hizi kocha akifukuzwa, klabu humfuta vichwani mwetu mashabiki wote, pamoja na kila neno tulilosema juu yake. Ndiyo maana Ijumaa, kabla hajafutwa, niliandika daftarini utani wa mwisho wa marehemu mume wangu kwa mdogo wake, Shebe: "Dogo, kocha wenu anapanga mabeki kama anayeanika nguo, popote penye nafasi!"

Leo nimeusoma. Kocha yupi? Sikumbuki. Nikampa Shebe, akacheka hadi machozi.

"Shemeji, huyu jamaa mkali! Ni nani?"

"Kaka yako, Msellem."

Akaitazama picha ukutani. Daftari linasema miaka kumi ndugu hao wawili hawakuzungumza jambo jingine ila kocha yule.

"Kumbe alipenda mpira?" akaniuliza.