Gurudumu Lililokosa Jino

Tiktiktiktik, kimya. Tiktiktiktik, kimya.

Fundi alikuwa ameinama chini ya meza akitafuta nati iliyomponyoka. Hakuinua kichwa. Ile sauti ilitoka barabarani, ikapanda kizingiti, ikaja kusimama mbele ya meza yake, naye bado yuko chini.

Friwili ya baiskeli, ile gia ya gurudumu la nyuma inayotiktika pedali zikiachwa, ina sauti yake kama binadamu alivyo na yake. Hii ilikatika jino moja, na kila mzunguko ilimeza tiki moja, kama mtu anayemeza neno asilotaka kulisema. Fundi aliwahi kuisikia mara moja tu, miaka mitatu iliyopita. Ilimtosha.

Siku ile yeye na dada yake walikuwa wamekuja kumtembelea mjomba. Wakaazima baiskeli, wakashuka kwenye njia za changarawe zinazopita msituni hadi mtoni. Dada alitangulia, akasimama kwenye kona ya mto kujaza chupa. Yeye alibaki juu, nyuma ya miti, akirudisha mnyororo uliochomoka. Gurudumu likapita chini yake kwa kasi. Tiktiktiktik, kimya. Kishindo. Kisha tiktiktiktik ile ile, ikienda zake, ikififia msituni. Aliyegonga hakusimama hata kutazama.

Alipofika chini, changarawe ilikuwa imechimbika na dada yuko majini, kichwa juu ya jiwe.

Mjomba ndiye aliyewafikia wa kwanza, kwa miguu, akihema, kabla simu ya yeyote haijapata mtandao. Alimbeba dada mgongoni hadi barabarani. Baada ya mazishi akamchukua mpwa wake, akampa chumba, akamfundisha kazi hapa karakanani pake. Na kwenye ramani kubwa ya ukutani, aliyoichora mwenyewe, yenye njia zote za bonde, aliifuta kona ya mto kwa rangi nyeupe. "Hapa hapapitwi tena," alisema, machozi yakimlenga.

Habari ya ile sauti fundi hakumwambia mtu. Polisi hawakuijua, mama hakuijua, mjomba hakuijua. Aliificha kama kisu, mahali pakavu, ili kisishike kutu. Siku za mwizi ni arobaini. Yeye alikwisha hesabu elfu moja na ushei.

"Fundi, umeingia shimoni? Toka basi tukuone!"

Mwenye baiskeli alikuwa kijana wa shati la njano, mapaja kama magogo, kicheko kisicho na breki.

"Wiki iliyopita nilipita hapa nikaambiwa umeenda kwa mama yako. Leo sikuachi. Jumapili ni mashindano, na kesho nataka kushuka nikaionje njia. Niangalizie breki."

"Bonde unalijua?"

"Mimi? Niulize jiwe gani limelala wapi! Nalijua tangu enzi za ile kona ya mto." Akagusa doa jeupe la ramani kwa kidole. "Tamu ile, kaka! Wakaifunga kwa ajali moja tu. Woga."

Ajali moja tu.

Fundi akaitundika baiskeli kwenye stendi. Akazungusha pedali, akaachia, akalaza sikio karibu na gurudumu la nyuma.

"Ee bwana, mbona unaisikiliza kama daktari? Ina mimba?"

"Kila chuma kina maneno yake, kaka." Fundi akacheka naye.

Kisha akaanza kazi. Waya wa breki hushikwa na skrubu moja ndogo. Aliilegeza ya mbele, mzunguko mmoja na nusu. Akailegeza ya nyuma. Kwenye lami mtu asingehisi kitu. Lakini kwenye ule mteremko wa bondeni, kilomita ya tatu, changarawe ikitikisa kila kiungo, nyaya zingechomoka zenyewe, mto ukiwa mbele na hakuna cha kumshika. Akaifuta mikono kwa kitambaa, akajionea fahari.

Dada, alisema moyoni, kajileta mwenyewe.

"Tayari," akasema, akaishusha baiskeli.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mjomba akaingia na nyundo mkononi na mishale ya mbao kwapani. Kila mwaka ni yeye aliyeshuka na baiskeli yake kuipigilia mitini, kuwaonyesha washindani njia.

"Mzee, shikamoo!" kijana akapaza sauti. "Lile gurudumu la nyuma ulilonitolea stoo wiki iliyopita, ulilosema ni la baiskeli yako, umelitundika miaka mitatu hulitumii, kumbe zima kabisa! Linaimba tu."

"Marahaba. Si nilikwambia? Ya kale ni dhahabu."

Wakacheka wawili.

"Ngoja kidogo, kaka," fundi alisema. "Kuna kitu nimesahau."

Akachukua spana, akazikaza skrubu zote mbili mpaka zikalia. Akamkabidhi kijana baiskeli, akasimama mlangoni kuisikiliza ikiondoka, tiktiktiktik, kimya, hadi ikapotea. Kisha akarudi ndani, akampokea mjomba mishale kwa mikono miwili, kama mpwa mwenye adabu zake.

"Mjomba, kesho ni zamu yako kushuka bondeni, siyo? Basi baiskeli yako niachie mimi. Nakuahidi, kwa jina la dada, breki zako nitazifunga mwenyewe, kwa mkono huu huu ulioufundisha kazi."